Mkono Ulionyooshwa Mkutanoni

Chumba nilichopanga Mjimwema kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Nilipohamia nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba sitakaa sana. Alicheka, akasema wapangaji wote husema hivyo, kisha akanionyesha mahali pa kuanikia nguo.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata mkataba katika ofisi inayoratibu miradi ya maendeleo vijijini. Nilirudi Songea, mji niliozaliwa, nikidhani kwamba nimerudi nyumbani. Lakini baba alikuwa amefariki nikiwa mwaka wa pili, na mama alikuwa amehamia Mbinga kumsaidia dada yangu kulea. Niliosoma nao walikuwa Dodoma na Dar es Salaam. Tulikuwa na kundi la WhatsApp ambalo lilichangamka mtu akioa tu. Jioni nilipika wali, na kwa kuwa sikuwahi kujifunza kupimia mtu mmoja, ulibaki kila siku. Asubuhi niliula wa baridi nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kazini.

Cheo changu kilikuwa mratibu msaidizi. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha kwamba idara zinazotumia fedha za umma katika kijiji kimoja zinajuana, na kwamba wananchi wanashirikishwa. Nilikuwa na maswali mengi kuhusu jambo hilo, na niliyauliza kwenye vikao mpaka watu wakaanza kuangalia simu zao nikisimama. Niliuliza kwa nini watu wa maji na watu wa afya waende kijiji kilekile wiki ileile kwa magari mawili. Niliuliza tunajuaje kwamba mwananchi amekubali. Mkubwa wangu, mama mpole aliyekaribia kustaafu, aliniambia, "Mwanangu, wananyoosha mikono. Tunahesabu. Unataka tuwapime na damu?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, lakini jibu halikunitosha. Chuoni swali kama langu lingenipatia marafiki wa kubishana nao mpaka kantini ifungwe. Ofisini lilinipatia meza ya peke yangu, karibu na mlango wa stoo.

Mradi ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa zahanati, katika kijiji cha wakulima wa korosho ambacho unakifikia kwa kushika njia ya vumbi ukishafika Nakapanya. Mpango ulieleweka kwa kila mtu. Serikali italeta saruji, nondo, bati na mafundi. Wananchi watachimba msingi, watasomba mawe, mchanga na maji. Wakishindwa kuchimba msingi kabla ya mwezi kuisha, zahanati itapelekwa kijiji kingine ambacho kimeshaomba. Kwa wakati huo, mwanamke wa pale akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na shangazi wa kumshikilia, na kupelekwa mbali kwenye njia ambayo hata gari letu liliilalamikia.

Nilikwenda mara ya kwanza na mhandisi, kijana aliyenizidi miaka michache, mchapakazi, asiyependa maneno. Tuliondoka Songea alfajiri. Tulipita Namtumbo wakati watu wanafungua maduka, na kufika kwenye mikorosho jua likiwa kali. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji aliwakaribisha wageni, mhandisi akaeleza kwamba eneo la ujenzi litakuwa barabarani, karibu na ofisi ya kijiji, kisha akasema wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono yote ilinyooka. Wa mwisho ulikuwa wa mzee mmoja aliyekaa mbele, mwenye kanzu ya kijivu na kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Aliunyoosha polepole, akiwa ameshikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeinua ndoo iliyojaa. Aliushikilia hivyo mpaka mtendaji alipomaliza kuhesabu. Nilimwona kwa sababu nina tabia ya kutazama wa mwisho. Sikumuuliza kitu. Watu walipiga makofi, sisi tukaandika kwamba wamekubali kwa kauli moja.

Baada ya mkutano, mwanaume mmoja mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alinijia akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi.

"Songea," nikasema.

"Mngoni?"

"Ndiyo."

Aligeuka akawapigia kelele wenzake. "Fungieni kuku! Mngoni huyu hapa!" Kisha akakigusa kishikwambi nilichokuwa nimekishika. "Babu zako walitujia na mikuki. Wewe umekuja na hiki. Afadhali mikuki, bwana, ilikuwa inaonekana inakoelekea."

"Na ninyi mlikimbilia kwenye mikorosho," nikasema, "mpaka leo hamjatoka."

Nilisema bila kufikiri, kama baba alivyozoea kuwajibu Wayao aliofanya nao kazi, watani wetu Wangoni kama hawa. Yule mwanaume alicheka mpaka akashika magoti. Akanifahamisha kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni mtani wake rasmi na nisitegemee heshima yoyote kutoka kwake. Nilipokuwa naingia kwenye gari alinigongea kioo, akasema viatu vyangu ni vya mtu anayedaiwa. Njia nzima ya kurudi mhandisi alilala. Mimi nilijikuta natabasamu peke yangu, nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu aliniangalia viatu.

Siku ya msaragambo wa kwanza, kazi ya pamoja ya kuchimba msingi, ilifika, tukaenda, hapakuwa na mtu. Vijiti vya mhandisi vya kupimia vilikuwa vimesimama vilevile barabarani, na mbuzi mmoja amefungwa kwenye kimojawapo. Mtendaji akasema ni mvua. Mvua haikuwa imenyesha. Nilizunguka kijijini nikitafuta wa kumuuliza, na kila niliyemsalimia aliniitikia vizuri, akanikaribisha maji ya kunywa, na akasema msingi utachimbwa, inshallah. Nyuma ya msikiti niliona kuta za tofali za kuchoma zilizoishia kwenye lenta, juu ya madirisha, bila paa, zimeota majani ndani. Nilimuuliza mtendaji ni nini.

"Ni boma la zamani, bosi. Halipo kwenye mpango wa sasa."

Nilimwambia mimi si bosi. Alikubali, akaendelea kuniita bosi.

Kwa msaragambo wa pili tulikwenda wiki ya mwisho ya mwezi. Tulikuta barabarani kumetulia kama mara ya kwanza, ila sasa hata mbuzi hakuwepo. Mtendaji alitufuata mbiombio, akasema kijiji kina msiba. Alikuwa amefariki mzee wa kanzu ya kijivu, na walikuwa wamemzika jana yake baada ya swala ya alasiri.

Mhandisi aliegemea gari. "Hawa watu hawana mwamko," akaniambia mtendaji alipokwenda kupokea simu. "Kila tukija kuna kitu."

"Amekufa mtu."

"Najua amekufa mtu. Ile siku nyingine alikufa nani?"

Mwamko ni neno nililolisikia ofisini karibu kila siku, na kila mara lilinifanya nijiulize kama kweli tunadhani watu hawa wamelala. Lakini nilikuwa nimeliona eneo la ujenzi likiwa tupu kwa macho yangu, mara mbili. Mhandisi alisema atapumzika kwenye gari kidogo, kisha turudi aandike kwamba kijiji kimeshindwa. Hakusema kwa ubaya. Kulikuwa na kijiji kingine kinachosubiri, na akina mama wa kule nao walikuwa wanapanda bodaboda.

Nilikwenda msibani peke yangu, kwa kuwa sikuona namna ya kufika kijijini na kuondoka bila kutoa pole.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake ndani na uani, moshi wa sufuria ukipita juu yao. Nilivua viatu, nikatoa salamu, nikawaambia wazee shikamoo mmoja mmoja. Nilikuwa natafuta pa kukaa ukingoni niliposikia sauti ninayoijua.

"Mtani amekuja! Amechelewa kama serikali yake!"

Alikuwa yule mwembamba. Nilifahamu hapo kwamba marehemu alikuwa mjomba wake. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Jana tumezika bila mtani hata mmoja," akawaambia watu. "Kaburi limenyooka mno, mpaka aibu. Hakuna aliyelala ndani kudai chake, hakuna aliyeficha jembe. Mjomba ameondoka kama mtu asiye na watani. Haya, Mngoni. Simama."

"Bwana, mimi nimekuja kutoa pole."

"Pole utatoa ukimaliza kazi."

Mtu mmoja akaingia ndani, akarudi na ile kofia nyeupe na fimbo ya mzee. Waliniwekea kofia kichwani. Ilikuwa ndogo, na ilinukia mafuta ya nazi.

"Tembea kama mjomba."

"Sikumjua."

"Ulimwona?"

"Mara moja tu."

"Mara moja inamtosha mtani."

Nilisimama pale nikiwa na kofia ya marehemu, watu wote wananitazama, nikamkumbuka baba. Katika msiba wake alikuja mwanaume mmoja, mtani wake, akavaa koti lake la kazini, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kugombana na redio, kama baba alivyogombana nayo kila jioni wakati wa taarifa ya habari. Nilitamani kumtoa nje kwa nguvu. Mama, ambaye hakuwa amekula tangu juzi yake, aliangua kicheko mpaka akajifunika uso kwa khanga, kisha akaomba uji. Sikuelewa. Nilirudi chuoni na swali hilo, na katika mihadhara yote ya miaka iliyobaki hakuna aliyeligusa.

Basi nikatembea. Nilipiga hatua fupi na fimbo. Mtu akasema, "Huyo ni bata," na turubai zima likacheka. Nikajaribu tena, nikipinda mgongo kidogo, na safari hii mzee mmoja akaitikia, "Hapo sasa." Nikakaa kwenye kigoda. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha, kwa kuwa nilimwona mahali pamoja tu akifanya jambo moja. Nikaiga kwanza sauti kavu ya mhandisi: "Wanaokubali eneo la barabarani, wanyooshe mikono." Kisha nikawa mzee. Nikashika kiwiko kwa mkono wa kushoto, nikaunyanyua mkono wa kulia polepole, nikaushikilia juu.

Kicheko kilikatika. Sikusikia hata kijiko. Kwenye mlango wa nyumba mwanamke mmoja aliyekuwa anachungulia akaanza kulia kwa sauti, wenzake wakamvuta ndani.

Nilidhani nimevuka mpaka. Nikataka kuivua kofia.

"Rudia," akasema mtani wangu. Hakuwa anatania.

Nikarudia. Mkono ulianza kuniuma juu.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona nini?"

"Ule mkono haukutaka kwenda. Aliubeba."

Alikuja akakaa mbele yangu kwenye mkeka, na kwa kuwa tulikuwa bado kwenye utani, alinieleza mbele ya watu wote. Pale nyuma ya msikiti palikuwa na mikorosho ya mjomba wake, inayozaa. Miaka ya nyuma serikali ilisema wananchi wakijenga boma, yenyewe itapaua. Mzee aliingia shambani na shoka lake, akaikata mikorosho mwenyewe, akasema zahanati ikae hapo. Kijiji kikafyatua tofali, kikachoma, kikanyanyua kuta mpaka kwenye lenta, kikasubiri bati.

"Halafu mmekuja ninyi," akasema, "mnatuambia barabarani."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme wapi?"

"Mkutanoni."

"Mngoni, una akili kweli? Mzee amekaa pale mbele. Nani asimame aseme kwa sauti kwamba mikorosho ya huyu ilikatwa bure?"

"Lakini yeye mwenyewe alikubali."

"Ninyi mmetoka Songea, mna vumbi mpaka kwenye kope. Amkatalie mgeni mbele za watu? Alinyoosha kwa ajili yenu. Sisi tukanyoosha ili asinyooshe peke yake." Akaichukua kofia kichwani mwangu, akaifuta kwa kiganja. "Kuchimba, hapo ndipo tuliposhindwa. Ungepita pale na jembe begani, naye amekaa barazani kwake anakuangalia?"

Nilihisi kitu kinaniingia polepole. Kila mtu katika uwanja ule alikuwa ameunyoosha mkono kwa kumstahi mwingine, na sisi tukahesabu mikono hiyo tukapiga makofi. Swali langu la ofisini lilikuwa limejibiwa. Sikufurahi hata kidogo. Mzee alikuwa amekufa akidhani zahanati yake imeachwa iwe kichaka, na kijiji kilikuwa kinakaribia kuikosa kabisa kwa sababu ya adabu.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nini? Msingi wenu wa barabarani ndiyo kabisa hatuuchimbi. Tutamkanyaga."

Mhandisi alikuja kunitafuta hasira zikiwa zimempanda, maana nilikuwa nimekawia. Kabla hajasema neno alivuliwa viatu, akakalishwa, akawekewa sahani ya ubwabwa na maharage. Alikula. Baadaye alikiri kwamba alikuwa hajala tangu Songea. Wakati anakula nilimweleza, na mtani akawa anaingilia kila nilipokosea. Mhandisi alisikiliza akitafuna. Kisha akanawa, akauliza boma liko wapi, akaenda kuchukua futi yake kwenye gari.

Tulikwenda kama kundi. Watu walifyeka majani ndani ya kuta ili apate kupita. Alipima huku akiguna, akagonga tofali, akachungulia msingi pembeni.

"Kuta ni nzima," akaniambia. "Chumba cha kujifungulia ndicho chembamba, kitanda hakigeuki. Wakiongeza huku nyuma, inawezekana."

"Sasa kwa nini tulichagua barabarani?"

"Mimi sikuchagua. Nilipewa eneo, nikapima nililopewa."

"Nani alikupa?"

Alifikiri. "Si nyie waratibu?"

Hatukuwa sisi. Tuliporudi Songea nilizunguka kwenye milango nikiuliza. Watu wa afya walisema eneo lilichaguliwa na watu wa ardhi. Watu wa ardhi walisema walipokea kutoka kwa wahandisi. Wahandisi walinielekeza kwa watu wa afya. Milango hiyo yote iko kwenye korido moja, na wanachemshia chai birika moja. Hakuna aliyedanganya. Kila chumba kilimwamini jirani yake, kwa adabu ileile ya uwanjani, nadhani. Mkubwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Basi waende wote. Gari moja." Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, walikwenda wote kwa gari moja, wakibanana na kulaumiana kuhusu dirisha.

Boma likakubaliwa kuwa eneo la zahanati, na muda ukaongezwa. Siku ya kuchimba upanuzi wa nyuma, mtani alinipigia simu niwasikie. Sikuwepo, kwa kuwa gari lilikuwa limejaa watu waliohusika. Nilisikia majembe mengi na mtu anaimba Kiyao. Kabla zahanati haijapauliwa, mkataba wangu uliisha na haukuongezwa. Katika wiki yangu ya mwisho niliandika pendekezo kwamba kabla ya mkutano wowote mtu wetu akae kijijini siku kadhaa bila gari, ale na watu, atafute mtani kama anaye. Nililisoma kwenye kikao. Mmoja akauliza kwa upole kama nashauri tuwe tunasubiri misiba.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko pendekezo langu, na bado ninalo. Kama mzee yule angeishi wiki moja zaidi, tungegeuza gari, zahanati ingekwenda kwingine, na kila mtu, na mimi nikiwemo, angesema walikosa mwamko. Siwezi kuita hiyo njia ya kufanya kazi. Sijui niiite nini.

Siku hizi nafundisha masomo ya ziada kwa muda, naomba kazi, na nakaa na dirisha langu linalotazama ukuta. Siku nyingine inafika jioni sijaongea na mtu zaidi ya muuza mboga. Juzi mchana simu iliita. Nyuma ya sauti nilisikia nyundo zinagonga bati, nyingi, bila mpangilio.

"Mngoni! Unasikia hizo?"

"Nasikia."

"Ni pale pale kwa mjomba. Mke wangu ana tumbo kubwa, na nimeshamwambia asithubutu kujifungua kabla fundi hajashuka. Wewe uko wapi?"

"Niko hapa tu. Chumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nilisikia akisogea mbali na nyundo.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ukifa huko, mwambie mwenye nyumba wako anipigie. Mimi ndiye nitakayekaa juu ya jeneza lako. Halitanyanyuliwa mpaka nipewe vile viatu vibaya. Umesikia?"

"Utaniigaje? Umeniona mara mbili tatu tu."

"Nitasimama mlangoni niulize maswali mpaka wafiwa waondoke."

Nilicheka kwa sauti. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anaanua nguo uani, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, ni mtani wangu. Kwenye simu nyundo ziliendelea, na hakuna kati yetu aliyekata. Nikawasha jiko nikiwa bado nimeishikilia sikioni, nikapima mchele, mwingi kama kawaida.